Mchezo Usiotaka Kuisha

Kaa na watu wa rika langu, wale tuliozaliwa miaka ya tisini mwishoni, usubiri mazungumzo yafike kwa gemu. Utasikia lalamiko lilelile. Gemu za sa hizi hazina ladha. Picha ni safi kuliko sinema, nyasi za uwanja unaweza kuzihesabu, mchezaji anatoa jasho na jasho lenyewe linang'aa, lakini raha haiko. Mtu anacheza masaa matatu, anaweka simu chini, na hajui kama amepumzika au amechoka. Halafu anaanza kuisifu gemu ya nyoka ya Nokia, ile ya rangi mbili, kana kwamba alikuwa anasifu chakula cha nyanya yake.

Kuna majibu mawili ambayo watu hutoa haraka. La kwanza linasema mmekua tu, raha iliisha na utoto. La pili linasema ni pesa, kampuni zimekuwa na tamaa. Kila moja lina ukweli wake, na nitayapa haki yake. Lakini nikiyapima yote mawili naona yanaacha kitu nje, na hicho kilichoachwa nje ndicho kinanisumbua, kwa sababu hakihusu gemu peke yake. Kinahusu saa za mtu: nani ana haki ya kuzidai, na akishazichukua amwachie nini.

Tuanze na utoto. Ni kweli kwamba kumbukumbu hudanganya. Tunakumbuka gemu kumi nzuri na kusahau mia mbovu. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa gemu ya filamu ya E.T. iliyotengenezwa kwa haraka ya ajabu, ikawa mbaya hivi kwamba mwaka uliofuata kaseti zake nyingi zilienda kuzikwa kwenye jaa la taka huko Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 watu walikwenda kuzifukua kama wanaakiolojia. Kwa hivyo asitudanganye mtu kwamba zamani kila kitu kilikuwa kitamu. Ni kweli pia kwamba mtoto wa miaka 11 ana Jumamosi nzima, na mtu wa miaka 27 ana kodi ya nyumba tarehe tano.

Lakini kama shida ingekuwa umri wetu tu, gemu za zamani zingekuwa zimekufa pamoja na utoto wetu. Hazijafa. Tetris iliandikwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, kabla hata wazazi wa wengi wetu hawajakutana. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 kule Marekani aliicheza Tetris ya Nintendo ya mwaka 1989 mpaka mashine yenyewe ikashindwa, ikaganda. Kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna binadamu aliyekuwa amefika hapo. Huyo kijana hana utoto wa 1989 wa kukumbuka. Alipata kitu ndani ya gemu yenyewe, na bado kimo.

Ama nenda Lamu au Mji wa Kale Mombasa, uwatazame wazee kwenye bao. Mashimo 32, kete 64, na ubao ambao haujabadilika tangu babu zao. Sijasikia mzee akisema kwamba bao la siku hizi halina utamu. Hata hapa Nairobi, nyuma ya soko lolote, wanaume wazima wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na ukiwaangalia nyuso utaona utoto haujawatoka wote. Basi watu wazima wanaweza kucheza na wakafurahi. Utoto unaeleza sehemu ndogo tu.

Twende kwa pesa. Hili jibu watu wengi hulipenda kwa sababu lina adui. Lakini sisi tuliolelewa mitaani hatuwezi kulikubali hivihivi, kwa sababu hatukuwahi kucheza bure. Wengi wetu hatukuwa na mashine nyumbani. Tulienda kwa kibanda cha PS: mabati, benchi, televisheni mbili za mgongo mkubwa, na jamaa mmoja mwenye funguo aliyekuwa na sauti ya refa. Mechi moja ilikuwa shilingi 20, mbao kama tulivyoiita, na kwingine shilingi 10. Mshindi anabaki, aliyepigwa anatoka na kulipa. Pesa ilikuwepo, na iliuma, maana ilikuwa ya mkate. Hata zile mashine za sarafu za Marekani na Japani za miaka ya themanini zilitengenezwa ngumu kusudi zile sarafu nyingi. Pesa na gemu ni marafiki wa kitambo.

Swali basi ni ile mbao ilinunua nini. Ilinunua zamu. Ulipolipa ulipata dakika zako, padi yako, na timu uliyochagua, na kuanzia filimbi ya kwanza pesa ilinyamaza. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mama mboga waliketi benchi moja, na kama mtoto wa mama mboga alikuwa na vidole, alimpiga mwenzake tano bila na kila mtu akaona. Ndiyo maana tulikienda kile kibanda hata kama harufu yake ilikuwa ya soksi. Nje ya pale hakukuwa na mahali pengi ambapo pesa inanyamaza.

Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza vazi la chuma la farasi kwa ajili ya gemu ya Oblivion, kwa dola 2.50 hivi. Dunia ilicheka. Vazi lenyewe halikukushindia vita. Mwaka 2009 EA wakaleta Ultimate Team ndani ya FIFA: unanunua pakiti, hujui ndani kuna nani, unafungua, na mchezaji uliyempata anaingia uwanjani na mbio zake na nguvu zake. Hapo pesa iliacha kunyamaza baada ya filimbi. Ikaingia uwanjani na jezi. Novemba 2017 ilikuja Star Wars Battlefront II na masanduku ya bahati nasibu yaliyogusa hata nguvu za mchezaji, wachezaji wakapiga kelele hadi kampuni ikaondoa ununuzi huo saa chache kabla gemu haijatoka rasmi. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ikatangaza kwamba masanduku ya namna hiyo, ya FIFA yakiwemo, ni kamari. Mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo.

Kuna mwanafalsafa anayenisaidia hapa, Bernard Suits, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada. Mwaka 1978 alitoa kitabu kiitwacho The Grasshopper, ambamo panzi yule wa hadithi ya Aesop, aliyecheza wakati chungu wakifanya kazi, anapewa nafasi ya kujitetea. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo ambavyo havikuwa na lazima. Fikiria gofu. Kama lengo lingekuwa mpira uingie shimoni, ungeubeba kwa mkono ukautumbukiza. Unachukua kijiti na kusimama mbali kwa sababu kile kikwazo ndicho unachokitaka. Toa kikwazo, na gofu imeisha.

Sasa itazame gemu inayokuuzia njia ya kuruka kikwazo. Ngoja masaa nane ngome ijengeke, ama ulipe ijengeke sasa. Piga maadui haohao mara 200 upate upanga, ama ulipe uupate leo. Huyu muuzaji anakuuzia kutocheza gemu yake mwenyewe. Hebu fikiria mwenye hoteli anayekutoza usile chakula chake. Ungeuliza chakula kina nini. Na hapa ndipo naona kosa la kimaadili, zaidi ya tamaa ya kawaida. Mtu anayeuza njia ya mkato anafaidika njia kuu ikiwa mbovu. Kila shimo barabarani ni mteja. Kikwazo kilichowekwa ili ukifurahie na kizuizi kilichowekwa ili utoe kitu kidogo vinaweza kufanana kwa macho, kama vile bampu ya shule na gogo la askari vinavyofanana ukiwa mbali. Ukifika karibu, mwili wako unajua tofauti.

Hata hivyo, pesa bado haielezi yote. Niko na marafiki ambao hawajawahi kulipa hata shilingi ndani ya gemu, wanajivunia hivyo, na wao ndio wanaolalamika zaidi. Hawajatozwa pesa. Wametozwa nini?

Rudi kwa ile nyoka. Iliwekwa kwenye Nokia 6110 mwaka 1997 na mhandisi wa Kifini, Taneli Armanto, na ndugu zake wakaenea kwa simu zilizofuata, ikiwemo Nokia 1100 ya 2003 iliyouzwa zaidi ya milioni 250. Nyoka inaanza ukiwa mfupi, unakula, unarefuka, na mwishowe unajigonga kwa mkia wako mwenyewe. Ikiisha, imeisha. Simu haikutumii ujumbe kesho asubuhi kukuambia nyoka wako ana njaa. GTA San Andreas ya 2004 ilikuwa na jiji zima, jangwa na mlima, na bado ilikuwa na hadithi inayofika mwisho, majina ya waliotengeneza yakapita kwenye skrini, ukakaa pale kimya kama mtu aliyetoka safari. Mechi ya kibandani ilikuwa dakika kumi. Bao huisha mtu akiishiwa na la kuchezwa, kete zinarudishwa mahali pake, wazee wanaenda kuswali ama kula.

Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, aliandika mwaka 1938 katika Homo Ludens kwamba mchezo una mipaka yake ya mahali na ya wakati: unaanza, na saa yake ikifika umekwisha. Aliliona hilo kama sehemu ya mchezo wenyewe, kama mistari ya uwanja. Mimi naona alikuwa sahihi, na naona gemu nyingi kubwa za leo zimeufuta huo mstari kwa makusudi. Zina misimu, na msimu ukiisha mwingine unaanza. Zina tiketi ya msimu, mtindo ambao Fortnite iliusambaza duniani: ukilipia tiketi bado hujapata vitu, umepata ruhusa ya kuvifanyia kazi kabla tarehe haijafika. Zina zawadi ya kila siku, na ukiingia siku saba mfululizo zawadi inakuwa kubwa, ukikosa ya sita unaanza upya. Hapo ndipo wale marafiki zangu wasiolipa wanapolipa. Wanalipa kwa kuhudhuria.

Sababu si siri. Gemu iliyouzwa mara moja dukani ilimaliza biashara yake siku uliyoinunua, na ukiifurahia utanunua inayofuata. Gemu inayotolewa bure inapimwa kwa vitu vingine: watu wangapi waliingia leo, wangapi walirudi baada ya siku saba, wangapi baada ya thelathini. Hakuna kipimo hapo kinachouliza kama walifurahi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba njiwa akipewa chakula kila anapodonoa kitufe, atadonoa akiwa na njaa tu. Lakini chakula kikija bila mpango, mara leo, mara baada ya kudonoa hamsini, atadonoa bila kukoma. Njiwa anayedonoa bila kukoma angeonekana vizuri sana kwenye ripoti ya watu waliorudi.

Kiswahili kina neno la hali hii, na tulikuwa nalo kabla ya simu. Tunasema kucheza. Tunasema kuchezea, kama mtoto anavyochezea gari la waya. Na tunasema kuchezewa. Ukimwambia mtu "usinichezee", hakuna anayedhani unazungumzia raha. Kitenzi ni kilekile, kilichobadilika ni nani ameshika na nani ameshikwa. Nafikiri mtu anayeweka simu chini baada ya masaa matatu bila kujua kama amepumzika anahisi hasa hilo. Vidole vyake vilikuwa vinacheza, lakini yeye alikuwa anachezewa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gemu hizi zinakukaribisha vizuri sana. Siku ya kwanza na ya pili unapewa dhahabu, unapewa mavazi, kila ukigusa kitu taa zinawaka. Siku ya tatu unapewa jembe, na shamba halina mpaka.

Naishi na binamu yangu Kayole. Ana miaka 19, alimaliza fomu four, anangoja ngoja kama wengi. Kuna usiku nilikuwa namalizia kazi ya mteja, nikamsikia anaamka saa tisa, simu usoni. Siku ya gemu yake inahesabiwa kwa saa za Greenwich, na saa sita usiku ya Greenwich kwetu ni saa tisa.

"Si ulale, wewe."

"Nikilala itapotea, bro. Niko siku ya ishirini na sita."

"Unaskia raha lakini?"

Alifikiria kidogo. "Raha gani? Namalizia tu."

"Unamaliza lini?"

"Msimu huu ni wiki mbili. Halafu kunakuja mwingine."

Hakuwa na huzuni, na mimi sikumkemea. Mimi mwenyewe nilikuwa macho saa tisa. Niliacha chuo mwaka wa tatu na tangu hapo nakula kwa kuandikia watu mtandaoni: maelezo ya bidhaa, makala za kampuni, mara moja moja hotuba ya harusi. Mtandao ninaopatia kazi una nyota. Una ngazi na beji. Kuna mstari wa kijani unaojaa ukijibu wateja haraka, na ukikaa siku kadhaa bila kuingia jina lako linashuka mahali ambapo hakuna mteja wa kushuka kukutafuta. Jirani yetu wa boda naye apu yake humwambia akifanya safari kadhaa kabla ya saa fulani anapata bonasi, na zikibaki mbili inamwonyesha duara lililokaribia kujaa. Amewahi kuniambia duara hilo humtoa kitandani kwa mvua.

Kwa hivyo usiku ule, chumba kimoja, watu wawili tulikuwa tunajaza mistari. Wangu uliitwa kazi na ulikuwa umevaa nguo za gemu. Wake uliitwa gemu na ulikuwa umevaa nguo za kazi. Na katikati ya hizo mbili kuna ya tatu ambayo kila mtu hapa anaijua: Aviator. Kindege kidogo kinapaa, namba inapanda, na lazima utoe pesa yako kabla hakijatokomea. Ukimwonyesha mtu aliyetoka usingizini skrini hizo tatu, sina hakika angejua ipi ni ajira, ipi ni burudani na ipi ni kamari. Mtoto aliyefundishwa tangu darasa la nne kwamba kufungua sanduku la bahati ni sehemu ya kucheza hana safari ndefu ya kufika kwa kile kindege.

Hapa ndipo naona uzito wa jambo hili. Mtu mwenye ajira ya saa mbili hadi saa kumi na moja ana ukuta unaomwambia siku imeisha. Sisi wengi hatuna. Kijana anayengoja barua, anayefanya vibarua, anayeuza kitu mtandaoni, siku yake haina kengele. Kitu kimoja ambacho mchezo ulikuwa unampa ni kengele: kuanzia hapa hadi hapa ni yangu, halafu nainuka. Ukimnyima hiyo, humnyimi burudani tu. Unamnyima mahali pa kuweka alama kwamba leo imepita, na siku zisizo na alama huwa zinarundikana.

Kuna watu watanipinga, na wana hoja.

Mmoja ataniambia: gemu za bure zimemfikia mtoto ambaye asingefikiwa kamwe. Yule aliyekosa mbao alisimama nje ya kibanda akichungulia kwa tundu la bati. Leo ana simu ya skrini iliyopasuka na anacheza na watu wa Jakarta. Hii ni kweli, na mtu asiidharau. Ataongeza kwamba zile siku zetu tamu zilisimama juu ya wizi. Diski nyingi za kile kibanda zilichomwa kwa kompyuta ya mtu huko mjini, mashine zenyewe zilifunguliwa zikawekwa chipu, na waliozitengeneza gemu hawakuona senti yetu. Mimi naishi kwa kulipwa kwa maneno, siwezi kusema kwamba aliyetengeneza asile. Ale. Ninachosema ni kwamba kuna njia za kumlipa ambazo zinamwacha atake gemu iwe nzuri, na njia zinazomlazimu atake iwe ndefu. Mwenye kibanda alitutoza kila dakika kumi, mtoto maskini akaweza kulipia zamu moja, na hakuna aliyehitaji kuamka saa tisa.

Mwingine atasema gemu nzuri bado zinatengenezwa. Hii nayo ni kweli, na inanisaidia. Stardew Valley ya 2016 ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa miaka kadhaa. Ni gemu ya kulima, yaani jembe kwa jina na kwa sura, na watu wanaipenda kwa sababu shamba lake linakungoja bila kununa. Elden Ring ya 2022 ni ngumu kiasi cha kukutoa machozi, na haikuuzii njia ya kuupunguza ugumu. Ndani ya mwaka mmoja iliuza nakala zaidi ya milioni 20. Balatro ya 2024, karata tupu, nayo ni kazi ya mtu mmoja. Kwa hivyo mwaka gemu ilipotoka sio shida. Watu hawajachoka na ugumu, wala hawajasahau kufurahi.

Wa tatu atasema: mimi siingii kwa sababu ya zawadi, naingia kwa sababu ya marafiki. Gemu yangu ni kijiwe. Huyu ndiye ananifikirisha zaidi, kwa sababu kijiwe pia hakina mwisho, na hakuna anayekilaumu. Baraza la Mombasa limekuwepo vizazi na vizazi. Lakini baraza halina rejista. Ukipotea mwezi, ukirudi utaulizwa ulikuwa wapi kwa sababu walikukumbuka, utasogezewa nafasi, kahawa itamiminwa. Hutakuta kwamba kikombe chako kimeshushwa ngazi. Kama gemu yako inakupokea hivyo, basi nakubali, una kijiwe. Kama inakuhesabia siku ulizokosa, una kibarua chenye marafiki ndani.

Na kuna jambo moja la ajabu kuhusu gemu zisizoisha: huwa zinaisha. Ubisoft walitoa The Crew mwaka 2014, gemu ya magari yenye ramani ya Marekani nzima. Watu waliinunua kwa pesa kamili. Lakini ilihitaji seva za kampuni hata ukicheza peke yako, na tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Diski ikabaki, gemu ikaondoka. Hapo ndipo ilipoanzia kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita sahihi milioni moja. Watu wengine waliona ni mzaha, watu wazima kuandamana kwa ajili ya gemu. Mimi sikucheka. Kumbe mwisho ulikuwepo siku zote. Ulikuwa umehamishwa tu kutoka mkononi mwa mchezaji hadi ofisini. Wewe huwezi kuimaliza, lakini wao wanaweza.

Basi nikiulizwa kwa nini gemu za leo hazina ladha, jibu langu ni kwamba nyingi kati ya zile kubwa zimechukua kutoka kwetu haki ya kumaliza, na raha nyingi ya mchezo ilikuwa imekaa hapo mwishoni: kwenye filimbi, kwenye kuinuka benchini, kwenye kubishana njiani ukielekea nyumbani kuhusu lile bao la dakika ya mwisho. Gemu isiyoisha haina njia ya kwenda nyumbani, kwa hivyo haina mabishano yake.

Nairobi sasa ina vijana wanaotengeneza gemu. Wengine wanajifunza peke yao usiku kwa YouTube, wengine wako kwa studio ndogo za watu watano, na wote wanatafuta mtu wa kuwapa mtaji. Huyo mtu akija atawauliza wachezaji wangapi watarudi kesho, na wangapi mwezi ujao, na itabidi wawe na namba ya kumwonyesha. Siwaonei wivu kwa hilo. Naomba tu kwamba, kabla ya kufika kwa hizo namba, wakae chini na karatasi waandike mchezaji wao atajuaje kwamba amemaliza, na akishamaliza atainuka akiwa na nini.